Waacheni Boston Wacheke

Nianze kwa kukiri: mimi si mtu wa besiboli. Nimekulia Rongai, na huko ukiona mtu anatembea usiku na gongo la mbao begani, haendi uwanjani. Lakini hii kazi ya kutengeneza kontenti ina tabia yake mbaya. Unaingia YouTube saa nne usiku kutafuta sauti ya sekunde kumi, na saa nane bado uko macho, unafuatilia vile mashabiki wa Boston walimcheka mchezaji aliyekuwa anastaafu mwaka wa 2014. Bando imeisha, kazi haijaisha, lakini angalau umepata cha kusema.

Na nasema hivi: wale watu walikuwa na haki ya kucheka. Tena wao ndio walimuaga yule jamaa vizuri kuliko karibu wote waliomsifu.

Kwa wale hawajui stori. Derek Jeter alichezea New York Yankees misimu 20, kuanzia 1995 hadi 2014. Timu moja tu, basi. Alishinda ubingwa mara 5, akawa nahodha kuanzia 2003, na akamaliza na mipigo halali 3,465. Wakati anaondoka, ni wachezaji 5 tu katika historia yote ya ligi yao waliokuwa na mingi kumshinda. Hapo hakuna mtu anabishana. Hata Boston, ambao Red Sox yao imekuwa ikipigana na Yankees tangu enzi za babu zao, hawakubishana.

Shida ilikuwa mbwembwe.

Februari 2014 Jeter aliandika Facebook kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho. Sasa elewa, kule kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu. Kwa hivyo hiyo haikuwa kwaheri ya siku moja, ilikuwa sherehe ya kuzunguka Marekani karibu miezi sita. Houston wakampa buti na kofia ya wachunga ng'ombe. Mwaka uliotangulia, mwenzake Mariano Rivera alipokuwa anastaafu, Minnesota walimpa kiti cha kubembea kilichoundwa kwa magongo yaliyovunjika, kwa hivyo kila timu ilijua haiwezi kuja mikono mitupu. Kufika Septemba, Yankees wenyewe walikuwa wanavaa nembo ya Jeter kwenye kofia na kwenye mikono ya jezi. Mtu yuko hapo hapo, anapumua, anacheza, na wenzake wamemvaa kama wako matangani.

Halafu Julai likatoka lile tangazo la Jordan Brand. Watu wa kila aina wanagusa kofia kumpa heshima, hadi Jon Lester akiwa mrushaji wa Red Sox. Mwishoni linatokea neno moja: RE2PECT. Herufi S imetolewa, imewekwa 2, namba ya jezi yake. Na biashara ikafuata. Udongo wa uwanja aliokanyaga ukauzwa. Soksi alizovaa kwenye mechi zikauzwa kwa mamia ya dola. Soksi, wasee. Zilizovaliwa.

Ungekuwa shabiki wa Boston ungefanya nini? Si ungecheka tu?

Walicheka soksi. Walicheka udongo. Walicheka tahajia. Na ukitoa matusi (yalikuwepo, sitadanganya), utagundua ndani ya ile kejeli kulikuwa na hoja ambazo watu wa New York hawakutaka kuzisikia.

Ya kwanza: msimu huo Jeter alikuwa ameisha. Alikuwa na miaka 40. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .256, yaani katika kila nafasi 100 anafanikiwa 25 au 26. Katika maisha yake yote ya kucheza wastani ulikuwa .310. Hiyo ni tofauti kubwa sana kwa mchezo wao. Na bado kocha alimpanga apige wa pili, mechi baada ya mechi. Besiboli wanapiga kwa zamu, na walio mbele kwenye orodha wanapata zamu nyingi, ndiyo maana mbele unaweka wakali. Yankees walimaliza wameshinda 84 na kupoteza 78, wakakosa mchujo wa ubingwa. Siwezi kusema walikosa kwa sababu ya mtu mmoja. Lakini ni nani ndani ya ile timu angemwambia nahodha kwenye ziara yake ya kwaheri ashuke hadi namba 8?

Ya pili: ulinzi. Nafasi yake ilikuwa kati ya besi ya pili na ya tatu, na alipewa tuzo ya glavu ya dhahabu mara 5. Lakini hesabu mpya za kupima ulinzi zilikuwa zimemweka chini kwa miaka mingi. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa wanasema hayo tangu zamani, wakaambiwa ni wivu. Septemba hiyo mtangazaji Keith Olbermann alienda hewani kwenye kipindi chake cha ESPN akasema Jeter anasifiwa kupita kiasi, na watu wakamrukia kana kwamba ametukana mama ya mtu.

Lakini kilichonishika zaidi ni stori ya Adam Wainwright. Julai 15, kwenye mechi ya nyota wa ligi pale Minneapolis, yeye ndiye alikuwa mrushaji Jeter alipokuja kupiga mara ya kwanza. Umati umesimama. Wainwright akaweka glavu chini, akarudi nyuma, akapiga makofi na yeye. Kisha akarusha, na Jeter akagonga vizuri hadi besi ya pili. Baadaye Wainwright akawaambia waandishi kwamba alimpa mipira ya kugongeka. Moto ukawaka, na usiku huo huo akajitetea kwamba alikuwa anatania.

Sasa tulia hapo kidogo. Labda kweli alikuwa anatania. Lakini ule mpigo umeshaharibika. Jeter alikuwa na uwezo wa kuupata bila msaada, alifanya hivyo mara elfu tatu na mia kadhaa. Ila sasa kila ukiuangalia unajiuliza: hii ilikuwa halali ama alipewa? Hicho ndicho mbwembwe zinamfanyia mtu. Zikizidi, hata alichokipata kwa jasho lake kinaanza kufanana na zawadi.

Na mimi hii naijua kutoka ndani. Kuna wakati nililipwa kusifu viatu ambavyo sikuwahi kuvaa. Nilitumiwa maneno ya kusema, nikaigiza furaha mbele ya simu, nikaweka. Pesa ililipa rent ya keja. Shida ilikuja wiki iliyofuata, niliposifu kibanda cha chapati hapa mtaani kwetu, bure kabisa, kwa sababu chapati zake ni moto. Mtu akaandika chini: "Hawa nao wamekulipa ngapi?" Sikuwa na jibu. Sifa zangu za kweli zilikuwa zimeshuka bei kwa sababu ya zile za kuuza.

Ndiyo maana narudi kwa Boston.

Septemba 25 Jeter alicheza mechi yake ya mwisho nyumbani, Bronx, dhidi ya Baltimore. Raundi ya tisa, 5-5, yeye anapiga, mkimbiaji anafika nyumbani, 6-5, mechi imeisha. Ungekuwa unaandika filamu ungeambiwa punguza utamu. Alikuwa anaweza kuachia hapo hapo. Lakini mechi tatu za mwisho za msimu zilikuwa Boston, uwanja wa Fenway. Ijumaa akapumzika. Jumamosi na Jumapili akacheza, na alisema anafanya hivyo kwa heshima ya mashabiki na ya ule uhasama wao.

Sasa hao mashabiki ni wale wale waliokuwa wanacheka soksi zake. Tena walikuwa wanacheka wakiwa chini: Red Sox, mabingwa wa 2013, walikuwa wanamaliza msimu huo mkiani kwenye kundi lao. Na wanamjua Jeter kwa uchungu. Mwaka wa 2004, mechi dhidi yao, ndiyo alidaka mpira akikimbia akapitiliza hadi kwenye viti vya watazamaji, akainuka uso unavuja damu. Mwaka huo huo Boston waliwatoa Yankees baada ya kuwa nyuma mechi 3 kwa 0, wakaenda kuchukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1918. Hawa wana kumbukumbu ya kila kitu.

Jumapili, Septemba 28, raundi ya tatu, Jeter akapiga mpira wa kudundadunda, akakimbia, akafika besi ya kwanza. Akatolewa akiwa pale, mwingine akaingia kumkimbilia. Na Fenway yote ikasimama. Wakaimba jina lake. Watu ambao kwa miaka 20 walikuja kumzomea wakaimba jina lake, Boston, akiwa na jezi ya kijivu ya Yankees.

Hayo makofi yana uzito kuliko buti, kuliko udongo, kuliko lile tangazo. Kwa nini? Kwa sababu ya ile kejeli. Unajua kabisa hawa si watu wa kumpigia makofi kila mtu. Hawakulipwa. Hawakutumiwa maneno ya kusema. Walikuwa wamecheka mbwembwe zote hadi zikaisha, na kilichobaki ndicho wakakisimamia.

Kiswahili kina neno la hii kitu, na nadhani Marekani hawana: utani. Simba na Yanga kule Tanzania wanaitwa watani wa jadi. Hapa kwetu Gor na AFC wanacheza Mashemeji Derby, na shemeji ni yule mtu unaruhusiwa kumchokoza vile huwezi kumchokoza baba mkwe. Kwa desturi ya makabila yenye utani kule Tanzania, mtani anaweza kuja msibani akafanya mzaha, hata akaiga vile marehemu alikuwa anatembea, na ni huyo huyo anashika jembe kuchimba kaburi. Mzaha na jembe vinaenda pamoja. Waombolezaji wengine wote wanasema alikuwa malaika. Mtani anakumbusha kwamba alikuwa mtu.

Na Boston nao wakaja kuonja dawa yao. Novemba 2015 nyota wao David Ortiz alitangaza kwamba msimu wa 2016 ndio wake wa mwisho, na wale wale waliocheka ziara ya Jeter wakawa na ziara yao: zawadi kila uwanja, hotuba, machozi. New York wakacheka, na walikuwa na haki. Ila Ortiz alikuwa bado anaua, nyumbani mara 38 akiwa na miaka 40. Hata Yankees walimpa mchoro wa kumuaga. Lakini zawadi iliyonifurahisha ilitoka Baltimore. Mwaka wa 2013 Ortiz alikuwa amekasirika kwenye uwanja wao akapondaponda simu ya benchi kwa gongo. Walichomletea 2016 ni ile simu, imevunjika vile vile. Uwanja ukacheka, yeye akacheka. Huwezi kununua zawadi kama hiyo dukani. Lazima uwe umemjua mtu miaka mingi, na uwe umeumizwa na yeye.

Najua kuna mtu atasema: wewe unatetea wenye wivu. Hapana. Kuna kejeli ya kuua mtu, ile ya kuingilia familia yake, mwili wake, ugonjwa wake. Hiyo sina maneno nayo. Kipimo changu ni kimoja: siku ya mwisho ikifika, utasimama? Ukicheka mbwembwe halafu ukasimama kwa kazi, wewe ni mtani. Ukibaki umekaa umefura, basi ulikuwa na shida zako tu.

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, karibu kila mtu aliniandikia kitu kizuri. Wakati wa Mungu ni bora. Utafika, bro. Asante, nilizisoma zote, sikumbuki hata moja. Ninayemkumbuka ni komredi mmoja wa chumba cha pili, tuliyekuwa tunabishana naye tangu mwaka wa kwanza, siasa, mpira, hata nani anapika ugali mbaya. Siku nabeba godoro alikaa mlangoni akacheka: "Kwa hivyo digrii imekushinda sasa unaenda kuongea na simu?" Nilikasirika, manze. Kisha akashika upande mwingine wa godoro tukalibeba hadi steji. Mpaka leo, nikiweka video mbovu, ndiye wa kwanza kuniambia ni mbovu. Na siku akiniambia hii ni kali, siulizi mara mbili.

Januari 2020 Jeter alipigiwa kura kuingia kwenye jumba la heshima la besiboli. Kura 396 kati ya 397. Watu wakazunguka wakitafuta huyo mmoja ni nani, wamekasirika kweli kweli. Mimi nilicheka. Acheni kuwe na huyo mmoja. Ndiyo inafanya zile 396 zionekane zilipigwa na watu waliokuwa na uhuru wa kukataa.

Sasa niambie hapo chini: mtani wako ni nani? Na lini mara ya mwisho alikusifu ukamwamini?