Kiitaliano cha Paka Wanne

 

Hapa Voi tumezoea kuona magari ya watalii yakielekea Tsavo Mashariki. Waitaliano wengi hutokea Malindi na Watamu, wakaingilia lango la Sala. Kwa hiyo kijana wa kwetu akijua Kiitaliano, ana tumaini la kupata riziki. Binamu yangu, dereva wa watalii, alikisoma kijitabuni: molto ni -ingi, poco ni kidogo. Akajiona amehitimu!

Siku moja mbugani, mama mmoja Mwitaliano alitazama huku na huku, akasema, "Siamo quattro gatti." Neno la kwanza lilimpita binamu, lakini quattro alijua ni nne na gatti ni paka. Basi akazima injini na kuanza kutafuta simba wanne nyasini. Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Kumbe mama yule alimaanisha, "Tuko wachache mno," yaani watu wa kuhesabika kwa vidole.

Tangu hapo binamu hujifunza kwa kusikiliza watu. Amenieleza kuwa un sacco di elefanti si gunia la tembo, bali ni tembo kibao. Un mucchio ni lundo, sawa na chungu nzima yetu. (Jamani, hiyo si chungu ya kupikia, hicho kingekuwa chungu kizima!) Un goccio di latte ni tone tu la maziwa.

Maoni yangu ni haya: maneno ya kiasi hayajulikani kwa orodha pekee, mpaka uyasikie yakitumika. Na sisi je? Bwenini ni "watu mingi", kwenye insha ni "wengi sana" kila mstari. Tele, kedekede, lukuki na kiduchu tumeviachia kamusi. Tunakariri kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini ni wangapi wanaojua kuwa vibaba vinne ni pishi moja?

Wengine watasema maneno ya mitaani yatatuharibia mtihani. Sikatai kwamba kila neno lina mahali pake. Kibao na un sacco ni vya mazungumzo, si vya barua rasmi. Sokoni nako inafaa iwe kilo tu. Mkulima wa Wundanyi akiuza kabeji kwa gunia lililoongezwa kimo, lile tuitalo lumbesa, hulipwa gunia moja huku mzigo umepita gunia. Gunia la mdomoni halihitaji mizani, la sokoni lazima lipimwe.

Basi napendekeza chama chetu kiwe na daftari. Kila juma kila mwanachama alete neno moja la kiasi alilolisikia nyumbani, sokoni au stendi, pamoja na sentensi yake na mahali linapofaa. Ya Kidawida na Kitaveta pia yaletwe, tuyalinganishe na ya Kiswahili.

Najua mkutano uliopita tulikuwa quattro gatti. Si kitu, tuanze hivyo hivyo. Haba na haba, ndugu zangu!