Tamasha si Kumbukumbu

Wako watu wasemao kwamba mwanamuziki aliyefariki huheshimiwa kwa muziki, na muziki ukiwa mkubwa heshima nayo huwa kubwa. Hoja yao yatokana na tamasha walilolitazama katika televisheni, au siku hizi katika simu: lile lililofanywa Uwanja wa Wembley, London, tarehe 20 Aprili 1992, kumkumbuka Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Makala haya yapinga hoja hiyo. Tamasha lile lilikuwa jema. Lakini watazamaji wetu wa mwambao, kutoka Kilwa hata Lindi, wamechukua makapi yake na punje wameziacha.

Natulitazame lilivyokuwa. Marehemu alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Alihamia Uingereza pamoja na wazazi wake mwaka 1964, akafa London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yatokanayo na Ukimwi. Miezi mitano haijatimia, watu 72,000 wakajaa uwanjani. Wenzake watatu, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, walipiga vyombo; na waimbaji kama George Michael, Annie Lennox na David Bowie wakaimba nyimbo za marehemu kwa vinywa vyao wenyewe. Elizabeth Taylor, mwigizaji wa sinema, alisimama akautaja ugonjwa kwa jina lake mbele ya umma. Kutokana na tamasha hilo ulianzishwa mfuko wa kupiga vita Ukimwi. Tena yote yakanaswa katika filamu, hata kijana wa Kilwa Kivinje aliyezaliwa baadaye aweza kuyaona, ijapokuwa mwaka ule Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Vya kwanza vilianza mwaka 1994.

Basi mambo manne yalifanyika: nyimbo zilijifunzwa, ugonjwa ulitajwa, fedha zilipewa kazi, na tendo lilihifadhiwa. Taa na moshi vilikuwa pambo tu. Sisi tumeliiga pambo. Matamasha yetu ya kumbukumbu aghalabu huwa na picha kubwa ya marehemu, hotuba ndefu za wageni wa heshima, na waimbaji wafunguao vinywa huku kanda ikiimba badala yao. Ugonjwa uliomwua hufichwa chini ya maneno "kuugua kwa muda mrefu". Kesho yake turubai hukunjwa, na mjane aulizapo habari ya mapato huambiwa kwamba gharama zimeyala yote. Huko ni kumtumia maiti, si kumkumbuka.

Mfano ulio karibu ni bendi ya Kilwa Jazz. Katika miaka ya 1960 bendi hiyo, chini ya Ahmed Kipande, ilivuma Dar es Salaam, na ikalibeba jina la mji huu katika kumbi za dansi na katika redio. Mwulize leo kijana wa Kilwa Masoko ni nani aliyeimba Queen, atakujibu upesi. Mwulize ni nani waliopiga magitaa ya Kilwa Jazz, atanyamaza. Kijana hana hatia, kwani hakuna aliyemwandikia. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi haki ya kazi yake maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini mrithi ataidai haki gani ikiwa jina la baba yake halikuandikwa popote?

Watatujibu kwamba sisi ni maskini na Wembley ni ya matajiri. Jibu hilo ni dhaifu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907, naye hakuwa na uwanja wala mitambo. Alikuwa na kalamu. Utenzi huo ulichapwa tena mwaka 1957 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na hata leo wanafunzi wausoma. Daftari si mali ya matajiri.

Wengine watasema kwamba desturi yetu ni hitima na dua, na gitaa halina mahali penye msiba. Hatugombani nao. Hitima na isomwe. Haimkatazi mtu kuandika. Wazee wa Kilwa walikuwa watu wa dini, nao waliandika habari za masultani wao. Kwa sababu hiyo Mreno João de Barros aliweza kuzieleza katika kitabu chake cha mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu ya historia hiyo ipo London hata sasa.

Wa tatu watajivuna kwamba Freddie Mercury ni wetu, na fahari hiyo yatosha. Hao ndio wa kupingwa zaidi. Historia ya Kilwa yahifadhiwa London. Mwimbaji aliyezaliwa Unguja alikumbukwa London. Tusiilaumu London kwa kutunza. Tujilaumu kwa kudai fahari ya kitu kilichotunzwa na wengine, huku kilichobaki mikononi mwetu twakiacha kioze.

Wanafunzi na walimu wa chuo hiki wasingoje serikali wala mfadhili. Waende Kivinje, Masoko, Lindi na Mikindani wakati wa likizo. Wawaulize wazee waliopiga na waliocheza: wimbo upi, nani mtunzi, nani mpigaji, mwaka gani, na warithi wako wapi. Wayaandike, na nakala moja waikabidhi kwa jamaa za wenye nyimbo kabla ya kuipeleka maktaba. Yakiisha hayo, atakaye tamasha na alifanye. Atakuwa na nyimbo za kuimba, na majina ya kuwalipa.