Wasakaji wa GPS karibuni Lamu, makopo yaacheni kwenu

Nina rai kuhusu mchezo mmoja wa wageni, na rai hiyo ina sharti. Mchezo wenyewe huitwa geocaching. Mtu huficha kopo mahali, ndani yake akaweka daftari dogo na vikorokoro viwili vitatu, kisha akatangaza latitudo na longitudo zake. Wengine hulisaka kwa GPS. Wakilipata hutia majina yao daftarini, huchukua kikorokoro kimoja na kuacha chao, hulirudisha kopo palepale na kwenda zao kusaka jingine. Rai yangu ni kwamba waje Lamu, tena waje kwa makundi. Sharti langu ni kwamba visiwani kwetu pasifichwe kopo hata moja.

Nasema haya kama mtu wa boti. Riziki yangu ni kuvusha watu kutoka Amu kwenda Shela, Manda na Matondoni, na maji yakiruhusu hadi Pate. Wasakaji hawa nimewapakia. Wengine ni wastaafu wenye magoti mabovu na kofia pana, waliozunguka nchi kadhaa kwa ajili ya mchezo huu tu. Sina ubaya nao. Hutembea juani bila kunung'unika, huokota hata taka ambazo si zao, na huuliza maswali. Mgeni anayetaka kujua kwa nini msikiti wa Takwa, mji wa magofu kisiwani Manda, una nguzo juu ya ukuta wa kibla atatufaa kuliko yule anayelala ufuoni wiki nzima, akaondoka bila kujua jina la kisiwa.

Mchezo huu ulizaliwa kwa amri ya rais. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiyachafua makusudi mawimbi ya GPS wanayopokea raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Bill Clinton aliamuru jambo hilo likome, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 likakoma. Kesho yake, tarehe 3, Dave Ulmer aliificha ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza ilipo. Ndani mlikuwa na vitabu, manati, hata kopo la maharage. Leo vitu vilivyofichwa namna hiyo duniani vinazidi milioni 3.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Kile cha mkononi hutumia betri mbili za kawaida na hakiogopi mvua, na simu nyingi za siku hizi zina uwezo huohuo. Ili kijue kilipo, kifaa kinahitaji kuona satelaiti zisizopungua nne. Baharini ni rahisi. Mjini Amu ni kisa kingine. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani ni vyembamba, kuta za matumbawe zimepanda ghorofa mbili tatu kila upande, na pengine kichwani pana wikio lililounganisha nyumba mbili. Mawimbi hugonga kuta kwanza ndipo yakufikie, na kifaa kikakwambia kwamba umesimama sebuleni kwa watu. Mtoto yeyote wa usita wa mui, yaani njia kuu ya mji, atakufikisha upesi kuliko satelaiti.

Vijana wenzangu wa boti nawaonya zaidi kuhusu ramani. Ramani nyingi za zamani za Idara ya Upimaji zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS huhesabu kwa msingi uitwao WGS 84. Ukizitoa namba kwenye ramani ya karatasi ukaziingiza kwenye kifaa bila kubadilisha mpangilio, utakosea kwa karibu mita 300. Nairobi hizo ni mita za kuvuka barabara mbili. Kwetu ndizo zinazotenga mkondo na mwamba.

Halafu kuna maji, ambayo satelaiti haiyajui. Kifaa kitakwambia Takwa iko mita 400 mbele yako. Hakitakwambia kwamba mita hizo ni mikoko na tope, na kwamba hori la Takwa huingilika vizuri maji yakiwa yamejaa. Ukifika yamekupwa utavua viatu utembee. Ukikawia magofuni, boti italala topeni mpaka yarudi. Siku za bamvua hesabu ni nyingine, siku za maji mafu nyingine.

Marehemu baba, aliyekuwa nahodha wa jahazi, hakuwahi kushika chombo hiki. Alikuwa na alama zake: mnara wa msikiti wa Shela ukae sawa na kilima fulani cha mchanga, na upande wa pili mti fulani wa Manda ukae sawa na ncha fulani ya mwamba. Mistari miwili ikikutana, hapo tia nanga. GPS nayo hutafuta mahali kwa alama kadhaa zinazojulikana zilipo, ila zake ziko angani. Ndiyo maana siwezi kuuita mchezo huu mgeni kabisa kwetu.

Sasa nieleze kwa nini nayakataa makopo.

Kwanza ni magofu. Takwa ilistawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ikahamwa. Kaburi lake la nguzo lina maandishi ya mwaka 1094 Hijria, sawa na 1683, na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kwenda huko kuomba mvua. Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alianza kuchimba mwaka 1980 akakuta msikiti chini ya msikiti, wa chini kabisa ukirudi hadi karne ya 8. Mahali kama hapa ardhi imejaa vigae vya vyungu vyetu na vya vyombo vya China. Sasa mkumbuke kanuni ya mchezo: chukua kimoja, acha kimoja. Mgeni aliyesahau zawadi yake hotelini, akiinama hapo ataokota nini?

Mwaka 2013 wanasayansi wakiongozwa na Chapurukha Kusimba na Sloan Williams walipata kisiwani Manda sarafu ya mfalme Yongle wa China, iliyotolewa kati ya 1403 na 1425. Dunia iliizungumzia kwa sababu ilijulikana imetoka wapi na imepatikana na nani. Ingeokotwa na kutiwa kopo, ingekuwa kikorokoro cha kubadilishana. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inakataza kuchimba au kuondoa vitu vya kale bila kibali, lakini sheria haina macho katika kila gofu. Makaburi mengi ya nguzo ya pwani hii yalipachikwa mabakuli ya Kichina; leo tunaona matundu matupu.

Pili ni usalama, na hapa sitaki tufichane. Chombo ambacho wasakaji wengi hukipenda ni lile sanduku la chuma la kuwekea risasi, kwa kuwa haliingizi maji. Hulinunua likiwa tupu, wakalisukuma chini ya jiwe. Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, kopo la mchezo lilishukiwa kuwa bomu, na wataalamu wa jeshi wakaitwa kulilipua barabarani. Huo ni mji wenye amani. Sisi tulikuwa na mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, na Januari 2020 uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay ulishambuliwa alfajiri. Kijana wa Kiamu akionekana amepiga magoti kwenye mikoko akisukuma sanduku la risasi chini ya mizizi, nani atamsikiliza akisema anacheza? Mgeni atahojiwa na kurudishwa hotelini. Mwenyeji namhofia zaidi.

Tatu, yapo mahali ambapo hapafai kutangazwa kabisa. Mayai ya kasa kwenye fukwe za Kiunga hayahitaji latitudo. Mwamba ambao mvuvi wa Kizingitini amerithi kwa babake ni mali yake, na mvuvi huyo amekwisha punguziwa bahari, kwanza kwa marufuku ya kuvua usiku iliyokaa miaka, kisha kwa bandari ya Kililana iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021.

Wapenzi wa mchezo watanijibu kwamba kanuni zao zinadai ruhusa ya mwenye mahali, zinakataza kufukia, na kila kopo hukaguliwa na wahakiki wa kujitolea kabla ya kutangazwa. Ni kweli, na nawapa heshima yao. Lakini mhakiki aliye mbali hajui kwamba gofu lisilo na ua wala bango lina wenyewe kijijini.

Bahati nzuri mchezo una aina isiyohitaji kopo. Tangu 2004 kuna iitwayo EarthCache, iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Unafika mahali, unatazama, unajibu swali, unatuma jibu. Shela pangefaa mno. Swali liwe: kwa nini chini ya vilima hivi vya mchanga mna maji matamu na bahari iko hatua chache tu? Jibu ni kwamba mvua hupenya mchangani, na maji matamu, kwa wepesi wake, huelea juu ya maji ya chumvi. Mgeni akilielewa hilo ataelewa pia kwa nini tunapigana na wanaotaka kujenga juu ya vilima: visima vya Amu vinategemea mchanga huo. Mjini napo, aulizwe Wajerumani walikuwa na posta gani hapa kati ya 1888 na 1891. Ataingia kwenye nyumba yenyewe, ambayo sasa ni makumbusho, atalipa kiingilio, na fedha zitabaki Amu.

Na mikusanyiko yao tuitumie. Wachezaji hukutana mahali palipopangwa, wakajuana na kuonyeshana vifaa. Na tangu 2002 wamekuwa na mikutano ya kuzoa taka ambayo huhesabiwa kama sehemu ya mchezo. Lamu ndiko fundi Ali Skanda na wenzake walikojenga jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki, lililoshushwa majini Septemba 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mkutano wa namna hiyo ungefaa kuambatana na tamasha letu la utamaduni: asubuhi watu wazoe ndara na chupa ufuoni, jioni vijana wafundishwe kutumia GPS.

Hapo ndipo penye faida yetu kubwa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichukua vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro vyao wenyewe na kuutia mtaa kwenye ramani ambayo awali ilikuwa karibu tupu. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulifanya hivyo kwenye mitaa ya mafuriko. Nasi tufanye kwa visima, makaburi, njia za mikoko na majina ya mikondo, wazee wakiwa wangali hai wa kuyataja. Kisha wenyewe tuamue lipi litangazwe na lipi libaki na wenyewe.

Ofisi ya Makavazi ya Kitaifa hapa Lamu, serikali ya kaunti na kamati za wavuvi wakae waandike masharti kwenye ukurasa mmoja: hakuna kufichwa kitu, hakuna kuokota kitu, kila alama ipate idhini ya wenye mahali, na kila kundi liongozwe na mwenyeji. Karatasi hiyo ibandikwe gatini na uwanja wa ndege wa Manda kabla ya tamasha lijalo. Atakayeyakubali, nauli tutaelewana.