Acheni Kuwafungia Sauti Sol Kwenye Albamu ya Kwanza

Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mno. Mara ya mwisho nilikuwa nakula chipsi mayai jirani na stendi ya Biharamulo, na aliyeitamka ni mtu ninayemheshimu kwa usomaji wake. Alisema: "Sauti Sol ya kweli ni ile ya Mwanzo. Baada ya pale waliuza." Waliuza nini, hakusema. Huwa hawasemi. Unatakiwa utikise kichwa kwa huzuni, mwendelee kula.

Mimi sikutikisa kichwa. Tulibishana mpaka chipsi zikapoa, na kwa kuwa pale sikumaliza, namalizia hapa.

Tuwekane sawa kwanza, kwa ambao hawajafuatilia. Sauti Sol ni bendi ya Nairobi iliyoanza mwaka 2005. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walisoma shule moja, Upper Hill, na walianza kwa kuimba bila ala. Baadaye wakakutana na mpiga gitaa, Polycarp Otieno, pale Alliance Française. Wametoa albamu tano: Mwanzo (2008), Sol Filosofia (2011), Live and Die in Afrika (2015), Afrikan Sauce (2018) na Midnight Train (2020). Mei 2023 walitangaza kupumzika bila kusema watarudi lini, na Novemba mwaka huohuo wakafanya onyesho la kuaga. Yaani sasa tunaweza kuipanga kazi yao mezani na kuisoma kama tunavyosoma vitabu vyote vya mwandishi mmoja.

Nami nikafanya hivyo. Wiki iliyofuata nilitoka Ngara kurudi Biharamulo, nikaweka visikilizio masikioni na kuzisikiliza zote tano kwa mpangilio, bila kuruka wimbo. Nawashauri na nyie mjaribu. Ubishi mwingi utaisha.

Kabla hatujafika Benaco nilikuwa kwenye Mwanzo. Gitaa la Polycarp liko mbele, ngoma ni kidogo, sauti zinapandana kama kwaya ya vijana waliofanya mazoezi wakaiva. Ni albamu nzuri, hilo sibishi. "Lazizi" bado inanikamata. "Blue Uniform" inawasema polisi wanaosumbua vijana, na inawasema kwa utani unaouma. Kwenye Sol Filosofia besi inaongezeka na bendi inaanza kupenda kucheza, siyo kuimba tu. Kufika Nyakahura niko kwenye Live and Die in Afrika, sauti imejaa studio nzima, na "Sura Yako" inabeba lipala, uchezaji wa Magharibi mwa Kenya, na kuuingiza kwenye kumbi za harusi za Afrika nzima. Afrikan Sauce inawaita wageni: Patoranking na Burna Boy wa Nigeria, Nyashinski wa palepale Kenya. Halafu Midnight Train, iliyotoka chini ya Universal Music Africa, imesafishwa mpaka inang'aa. Kwaya ya Soweto imo, India.Arie wa Marekani yumo.

Sauti imebadilika, basi. Nani kakataa? Ninachokataa ni ule mruko wa kutoka "imebadilika" kwenda "wametusaliti" bila hata daraja la miti katikati.

Sikilizeni vizuri. "Blue Uniform" iko kwenye albamu ya 2008. Miaka kumi baadaye, kwenye ile albamu mnayosema ni ya kutafuta soko la Nigeria, kuna "Tujiangalie". Ule wimbo unamgeuzia kioo mwananchi mwenyewe, kuhusu nchi, madeni na viongozi tunaowachagua kisha tukawalalamikia. Wa kwanza ulimnyooshea kidole askari. Wa pili unatunyooshea kidole sisi. Kwangu huko ndiko kukua. Na kwenye Midnight Train wakapeleka "Disco Matanga". Disko matanga ni ile disko ya usiku wa msiba huko Magharibi mwa Kenya. Walipopata pesa wakaenda nazo msibani kijijini, halafu nyie mnasema wamepotea njia ya nyumbani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulisemi. Mwaka 2008 nani alikuwa na Mwanzo huku kwetu? Mimi sikuwa nayo. Sauti Sol nilimjua kupitia "Sura Yako", mwaka 2014 huo, kwenye kibanda cha kuchaji simu, kijana akanijazia nyimbo kwenye memori kadi pamoja na bongofleva na za Kongo. Niliipenda ndipo nikarudi nyuma kuitafuta albamu ya kwanza. Nilipoipata, eti nikaanza kuwaambia watu kwamba ile ya zamani ndiyo yenyewe. Tuliingia kwa mlango wa 2014, kisha tukajidai tulizaliwa ndani ya nyumba mwaka 2008. Tusidanganyane. Mara nyingi "mimi nawapenda wa zamani" ni namna tu ya kusema mimi nilifika kabla yako. Hayo ni majivuno, na mhakiki hajengi hoja kwa majivuno.

Halafu hiyo "asili" inayolindwa kwa nguvu hivyo, ni asili ya nini? Gitaa la nyuzi sita halikuota Kakamega. Kuna mtu alilileta, na nina hakika kuna mzee aliyelalamika siku ile. Tuchukue mfano wa mkoa wetu wenyewe. Saida Karoli alitoka hapahapa Kagera na ngoma za Kihaya, zikaingia studio, zikatoka kwenye kaseti, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi nzima ikawa inaimba maneno isiyoyaelewa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipouchukua wimbo wake na kutoa "Salome", watu wakasema asili imeharibiwa. Asili ipi? Ile kaseti? Kaseti yenyewe ilikuwa badiliko kwa bibi aliyekuwa anaimba uani bila maikrofoni. Kila "asili" ukiichimba kidogo chini yake utakuta mtu aliyethubutu, na watu waliomnunia.

Sisi wa Ngara ndiyo kabisa hatuna haki ya kulilia usafi. Nimekua nikisikia Kihangaza nyumbani, Kishubi kwa majirani, Kirundi sokoni Kabanga na Kinyarwanda kutoka ng'ambo ya Rusumo, na redioni nikisikia Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na ikatulea hata sisi wenyeji. Masikio yetu yalichanganywa tangu utotoni, na hakuna aliyeharibika.

Na nyie wapenzi wa fasihi msijitoe, kwa sababu hili ni lenu zaidi. Euphrase Kezilahabi tulimfanyia vilevile. Alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya unayoweza kumsimulia jirani. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na kukazuka vita ya maneno: wengine wakasema hayo si mashairi kabisa. Mwaka 1990 akaja na Nagona, kisha Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba kama daftari la mwanafunzi lakini vinavyokufanya usome ukurasa mmoja mara tatu. Hadi leo nakutana na wasomaji wanaosema Kezilahabi "aliharibika" baada ya riwaya za mwanzo. Ukiwauliza wamefika ukurasa wa ngapi wa Nagona, wanaanza kuangalia simu. Angewasikiliza, tungekuwa na Rosa Mistika sita na hatungekuwa na Nagona hata moja.

Mtasema huu ni ubishi wa burudani tu, haumdhuru mtu. Hapo ndipo sikubali, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Mjomba wangu alikuwa mpiga gitaa la solo wa kwaya ya kanisa letu, huko Ngara. Katika vijiji vyote ninavyovijua sijasikia solo kama lake. Kuna mwaka alirudi kutoka Mwanza na kinanda cha mtumba na nyimbo nne alizotunga, zenye mwendo mwingine kabisa, wa taratibu, ambao mpaka leo sijui niufananishe na nini. Kwaya ikagawanyika. Kikaitishwa kikao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa katibu, na nilikuwa najua kuandika vizuri. Nikaandika barua ya kupinga. Niliandika kwamba nyimbo zile hazina asili yetu, zinatutoa kwenye njia ya waliotutangulia. Nakumbuka nilivyoridhika na ile sentensi. Watu ishirini na kitu walitia saini.

Mjomba hakugomba. Alichukua kinanda chake, na wiki iliyofuata hakuja mazoezini, wala iliyofuata. Zile nyimbo nne hazikurekodiwa popote. Mbili nilizisikia mara mojamoja, na leo siwezi kukuimbia hata kipande. Kwaya iliendelea kuimba zilezile za siku zote, na baada ya miaka michache ilinunua kinanda, kikubwa kuliko kile. Hakuna aliyeandika barua.

Kwa hiyo mtu akiniambia "waliuza", mimi naisikia barua yangu. Sauti Sol wana majina, wana mashabiki Nairobi mpaka Marekani, maneno yetu ya stendi hayawafikishi popote. Lakini kijana anayetunga kitu kipya leo Rulenge au Nyakanazi hana mashabiki wengine. Ana sisi tu. Tukimwambia rudi ulikotoka, atarudi, na atanyamaza huko.

Sisemi kila badiliko ni zuri. Midnight Train ina nyimbo laini mno kwangu, nyimbo ambazo ungeniambia zimeimbwa na mtu wa mji wowote duniani ningekubali. Kiingereza kimeongezeka, na kwa mtu anayeandika kwa Kiswahili hilo linaniuma, sitaficha. Lakini tazameni ninavyolalamika: nautaja wimbo, nalitaja tatizo, unaweza kunibishia. Unaweza kuniambia "Suzanna" imo kwenye albamu hiyohiyo na ni Kiswahili cha kuchekesha kweli, na mimi nitalazimika kukujibu. Huo ni uhakiki. "Waliuza" haijibiki kwa sababu haijasema kitu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa wote wanaoandika kuhusu muziki na vitabu, nikiwemo mimi. Usihukumu kazi mpya kabla hujaimaliza, na kuimaliza maana yake ni kuisikiliza kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, siyo vipande vya sekunde thelathini kwenye simu ya mwenzako. Na ukisha hukumu, sema ile kazi ilijaribu kufanya nini ndipo useme imeshindwa wapi. Kama hujui ilijaribu kufanya nini, hiyo siyo hukumu, ni kumbukumbu zako za ujana, na hizo hazina kosa lolote. Ziite tu kwa jina lake.

Krismasi iliyopita nilikwenda kumwona Mjomba. Siku hizi analima ndizi na kahawa, vidole vimekuwa vigumu. Nikamwekea simu mezani, nikampigia Sauti Sol, wimbo kutoka albamu ya kwanza kisha mwingine kutoka ya mwisho. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa kama zamani akitafuta noti. Mwisho akauliza, "Huyu wa gitaa ni yuleyule?"

"Ndiye, Mjomba."

"Mbona hapa mwisho anapiga kidogo hivyo?"

Nikaanza kumweleza mambo ya studio na kompyuta. Akanikatiza kwa mkono. "Hapana. Anawaachia wenzake nafasi. Rudisha nisikie tena."

Nikarudisha. Nilitaka kumwambia kuhusu ile barua, maana nadhani hajui ni mwandiko wa nani, au anajua. Sikuweza. Hata hivyo nimeiandika hapa, na safari hii saini ni yangu peke yangu.