Ndege Zazeeka, Deni Lapaa: Twadai Hesabu



Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025, ndege tatu kati ya tisa za aina ya Boeing 787 za shirika la Kenya Airways zilikaa ardhini kwa uhaba wa injini na vipuri. Hizo tisa ndizo nguzo ya safari zake ndefu. Shirika likatangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa miezi hiyo sita. Ni mwaka uliotangulia tu, 2024, ambapo tulialikwa kushangilia faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza katika muda wa miaka kumi na mmoja. Ngoma ya faida haikukesha.

Hatuandiki haya kwa kulifurahia anguko la mtu. Bendera iliyochorwa kwenye mkia wa ndege hizo ni yetu sote, na mafundi, wahudumu na marubani wanaozihudumia ni wana na binti wa makanisa yetu. Twaandika kwa sababu mdhamini wa deni la shirika hili ni mama mchuuzi wa mboga ambaye hajapata kukanyaga ngazi ya ndege maishani mwake. Hakuulizwa alipofanywa mdhamini. Haambiwi sasa anapolipishwa. Hapo ndipo suala la ndege linapokoma kuwa suala la ndege, likawa suala la haki.

TULIKOTOKA

Shirika hili lilizaliwa mwaka 1977, katika msiba wa kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ndege za East African Airways, zilizokuwa mali ya mataifa matatu, zikaacha kuruka, na kila nchi ikashika njia yake. Kwa miaka mingi iliyofuata, Kenya Airways ikaendeshwa kama yalivyoendeshwa mashirika mengi ya umma chini ya chama kimoja: amri ikitoka juu, hasara ikilipwa na Hazina, na mwananchi akiambiwa ajivunie.

Mwaka 1991 ulileta mambo mawili. Wananchi walilazimisha kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba, na mlango wa vyama vingi ukafunguliwa. Mwaka huo huo bodi mpya chini ya marehemu Philip Ndegwa ilipewa kazi ya kulisafisha shirika na kuliendesha kibiashara. Mwaka 1996 KLM ya Uholanzi ilikuwa imechukua asilimia 26 ya hisa, na nyingine zikauzwa kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi. Walimu, wauguzi na wakulima wadogo walitoa akiba zao. Waliamini kwamba mali iliyotoka mikononi mwa wakubwa imekuja mikononi mwao.

Ni nini kilichowapata watu hao? Katika marekebisho ya mwaka 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa, na sehemu yao ikayeyuka kama barafu juani. Serikali ikashika asilimia 48.9, kundi la mabenki asilimia 38.1. Mwezi Julai 2020 biashara ya hisa hizo ikasimamishwa, na haikufunguliwa tena hadi Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu, mjane aliyerithi hisa za mumewe hakuweza kuuza hata moja sokoni alipie karo.

Itazameni tena hiyo asilimia 48.9. Haifiki nusu. Wakati wa kulipa deni, twaambiwa hili ni shirika la taifa, fahari ya nchi, lisiachwe lianguke. Wakati wa kutoa hesabu, twaambiwa hii ni kampuni, ina bodi yake na wenyehisa wake. Popo huyu ni ndege au ni mnyama? Mwaka 2017 serikali ilidhamini mikopo yake ya dola milioni 750. Shirika liliposhindwa kulipa, Hazina ikalazimika kuubeba mzigo. Fedha hizo zilitoka kwenye kodi ya sukari na ya mafuta ya taa.

NDEGE HAIZEEKI GHAFLA

Kuna wanaosema kwamba uzee wa ndege ni mapenzi ya Mungu. La hasha. Siku ndege inapopokelewa, tarehe ya uzee wake yajulikana. Saa zake za kuruka zahesabiwa, na kila kupaa na kutua kwaandikwa kitabuni. Ukaguzi mkubwa, unaoifanya ndege ibomolewe karakana na kukaa humo kwa majuma kadhaa, hupangwa miaka mingi kabla. Boeing 787 za kwanza zilifika Nairobi mwaka 2014. Aliyeweza kuhesabu hadi kumi alijua kwamba kufikia 2024 zitadai injini za akiba, vipuri na fedha nyingi zaidi. Ni kweli kwamba uhaba wa vipuri uliikumba dunia nzima baada ya janga la korona. Lakini mvua inyeshayo kwa wote humlowesha zaidi yule asiyeezeka paa lake. Shirika lenye deni kila pembe halina akiba ya kununua injini mapema, na hujikuta mwisho wa foleni.

Wala tusisahau jinsi fedha zilivyotumika zilipokuwapo. Mpango uliopewa jina la Mawingu ulitangazwa ukiahidi ndege zaidi ya mia moja na vituo zaidi ya mia moja kufikia mwaka 2021. Ndege kubwa zikaletwa. Kisha, mwaka 2016, Boeing 777 tatu zikakodishwa kwa Turkish Airlines na 787 mbili kwa Oman Air, kwa kuwa hatukuweza kuzijaza wala kuzilipia. Hasara ya mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2016 ilikuwa shilingi bilioni 26.2. Ilikuwa hasara kubwa kuliko zote zilizowahi kutangazwa na kampuni ya Kenya hadi wakati huo. Twauliza: nani aliyetia sahihi? Nani aliyeonya, na nani aliyemnyamazisha? Waliopanga waliondoka, deni likabaki.

MARUBANI HAWAOTI KAMA UYOGA

Rubani hapatikani sokoni kama gunia la mahindi. Kijana huanza katika shule za urubani, nyingi zikiwa katika uwanja wa Wilson, akilipa mamilioni ya shilingi. Apatapo leseni ya biashara, bado hajastahili kuamuru ndege kubwa, kwa kuwa leseni ya juu kabisa hudai saa 1,500 angani. Baada ya hapo hufunzwa aina moja moja ya ndege, na kupimwa tena na tena katika mtambo wa mazoezi. Kumpata nahodha mmoja ni kazi ya miaka. Kumpoteza ni kazi ya barua moja kutoka Ghuba, yenye mshahara usiokatwakatwa.

Mwezi Novemba 2022 marubani waligoma. Shirika lilikuwa limeacha kutoa mchango wake katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni tangu kipindi cha korona, nao wakadai urejeshwe. Maelfu ya abiria wakakwama, na mahakama ikawaamuru warudi kazini. Wengi waliwalaani marubani kwa kuwa mishahara yao ni mikubwa kuliko ya mwalimu. Sisi hatukuwa mawakili wao wakati ule, wala si mawakili wao leo, na abiria aliyekwama na mgonjwa wake hakuwa na kosa lolote. Lakini kanuni ni moja. Akiba ya uzeeni ya mfanyakazi si ya kuzibia matundu ya mwajiri, awe mfanyakazi huyo ni rubani au mfagiaji. Aliyezoea kuvunja ahadi kwa mkubwa hatamhurumia mdogo.

Na tuseme jambo zito zaidi, kwa unyenyekevu mbele ya wafu. Tarehe 30 Januari 2000 ndege ya shirika hili ilianguka baharini mbele ya Abidjan, wakafa watu 169. Tarehe 5 Mei 2007 nyingine ilianguka karibu na Douala, wakafa wote 114. Ndege ya Douala haikuwa kuukuu. Ilikuwa na umri wa miezi michache tu. Wachunguzi waligundua kwamba waliokuwa usukani walipoteza mwelekeo katika giza, na ndege ikawatoka mikononi. Funzo ni gani? Kwamba chuma kipya hakimwokoi mtu pasipo mafunzo, nidhamu na ushirikiano wa wale walio usukani. Shirika hili limesafirisha mamilioni salama tangu siku ile, nasi twamshukuru Mungu na wafanyakazi wake. Hata hivyo, yeyote atakayefikiria kupunguza gharama kwa kupunguza mafunzo, na ayakumbuke makaburi hayo kwanza.

NJIA ZA ANGANI NI SIASA

Njia ya ndege haionekani, lakini ina mwenyewe. Hutolewa kwa mapatano kati ya serikali na serikali, na huweza kufungwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Mwezi Agosti 2020 Tanzania ilizizuia ndege za Kenya Airways kwa ajili ya ugomvi wa masharti ya korona. Januari 2024 ikatangaza kuzizuia tena, safari hii kwa kuwa Kenya ilikuwa imeinyima Air Tanzania haki ya kubeba mizigo kwenda nchi ya tatu. Aprili 2024 shirika likasimamisha safari za Kinshasa baada ya wafanyakazi wake wawili kukamatwa na wanajeshi wa ujasusi wa Kongo. Magomvi hayo yalitatuliwa, lakini mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Kinshasa aliyekwisha kulipia tiketi hana uhakika wa kesho. Mataifa ya Afrika yaliahidiana anga huru huko Yamoussoukro mwaka 1999, nasi bado twafungiana milango kama majirani waliogombea kuku.

Hata njia tulizokuwa nazo hatukuzilinda zote. Mwaka 2016 nafasi ya kutua Heathrow, London, mali iliyo adimu kuliko dhahabu, iliuzwa kwa Oman Air. Auzaye jembe ili anunue unga, msimu ujao atalima kwa kucha.

WANAOTUPINGA

Wapo wasemao: uzeni shirika lote, serikali haijui biashara. Twawajibu: lilikwisha kuuzwa mwaka 1996, na hasara kubwa kuliko zote zilitokea baada ya hapo. Wapo wasemao: litaifisheni, kama walivyoazimia wabunge Julai 2019. Twawajibu: lilikuwa la serikali tangu 1977, na tunajua lilikofikia. Wengine hututajia Ethiopian Airlines, shirika la serikali tangu 1945, lililostawi bila kuwangoja wanaharakati. Kweli, lakini tazameni kilicholistawisha. Lina chuo chake Addis Ababa kinachofunza marubani na mafundi, na hata chini ya utawala wa kijeshi wa Derg wasimamizi wake waliachiwa kuliendesha kibiashara. Udikteta haukuwa siri yake, maana madikteta wamejaa historia ya bara hili na mashirika yao ya ndege yamelala makaburini. Siri ni kuwaacha wajuzi wafanye kazi na kuwadai matokeo.

Kwa hiyo ubishi wa kuuza au kutaifisha hautoshi. Swali la kwanza ni hili: yeyote awaye mwenye shirika, anatoa hesabu kwa nani?

MADAI YETU

Katiba ya mwaka 2010, tuliyoipigania kwa jasho na wengine kwa damu, yasema katika Ibara ya 201 kwamba fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi. Ibara ya 35 yatupa haki ya kupata habari. Kwa msingi huo twadai:

1. Mikataba yote ya ununuzi na ukodishaji wa ndege iliyodhaminiwa na Hazina iwekwe wazi, pamoja na majina ya walioidhinisha.

2. Maadamu kodi yetu ndiyo dhamana, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aingie katika vitabu vya shirika bila kuzuiwa kwa kisingizio cha asilimia 48.9.

3. Mpango wa kubadilisha ndege zinazozeeka utangazwe, ukionyesha mwaka, gharama na chanzo cha fedha, usomwe Bungeni kabla ya mkopo mwingine wowote.

4. Uwekwe ufadhili wa wazi wa kuwafunza marubani na mafundi, wenye vigezo vilivyochapishwa, ili binti wa Lodwar au kijana wa Kwale aketi usukani kwa akili zake, si kwa jina la baba yake.

5. Wenyehisa wadogo waelezwe kwa lugha wanayoielewa thamani ya mali yao iliyobaki.

Ndugu zetu, msidhani haya ni mambo ya wasomi na matajiri. Novemba 2024 mpango wa kuukabidhi uwanja wa Jomo Kenyatta kwa kampuni ya Adani ulifutwa. Haukufutwa kwa hisani ya mtu. Wafanyakazi waligoma, mahakama iliombwa iingilie kati, na wananchi wakakataa kunyamaza. Aliyeweza kuuliza habari za uwanja aweza kuuliza habari za ndege zinazotua humo.

Basi kamati za haki na amani parokiani, vikundi vya akina mama, vijana na wanaharakati, lichukueni jambo hili. Mwandikieni mbunge wenu barua ya maswali hayo matano, mtie sahihi wengi, mbaki na nakala. Akijibu, lisomeni jibu mbele ya watu. Asipojibu, usomeni ukimya wake mbele ya watu hao hao, tena siku ya kampeni. Wakili wa mali ya wenzake hupewa heshima yake siku anapofungua daftari, si siku anapovaa koti. Nasi twalisubiri daftari.