Mwamba Ngoma Si Jiwe

Vijana sita wa kidato cha tatu walifika nyumbani kwangu Kisian Jumamosi moja asubuhi wakisukuma mkokoteni uliosheheni ngoma tano. Hizi hazikuwa ngoma za gogo na ngozi. Ni zile ambazo makanisani na katika bendi zetu tumezoea kuziita dramu: kubwa ipigwayo kwa mguu, mbili zinazoketi juu yake, moja isimamayo sakafuni kwa miguu mitatu, na ile fupi ya chuma yenye nyuzi chini yake. Ghala la shule yao lilivuja msimu mzima wa masika. Plastiki nyekundu iliyozivika zile nne za mbao ilikuwa imebanduka na kujikunja kama gome la mpera. Kamati ya shule ilikuwa imekwisha kukata shauri kwamba zitupwe, na wazazi watozwe mchango wa kununua nyingine. Mwalimu wa muziki akaomba apewe mwezi mmoja, na kwa kuwa ananijua kuwa mtu apendaye kuchokora mbao, akawaelekeza kwangu.

Kabla hatujashika bisibisi niliwaomba, kwa mazoea ya kazi yangu, wanitolee methali moja ya ngoma. Wote sita wakaitoa kwa pamoja: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Maana yake wanaijua barabara, kwamba kila mtu hupendelea upande wake. Nikawauliza mwamba huyo ni nani. "Ni jiwe kubwa, Mwalimu," akajibu mmoja, na wanne wakamuunga mkono. Wa sita alinyamaza kwa muda, kisha akasema labda palikuwa na mtu aliyeitwa Mwamba.

Nawasihi walimu wenzangu wasicheke upesi. Kosa hilo lina mantiki yake. Atokaye Kisumu kwenda Busia hupita chini ya vilima vya Kisian vyenye majabali, na akishika njia ya Bondo hatakawia kufika Kit Mikayi, mawe makubwa yaliyopandana kama mizigo sokoni. Mtoto aliyekulia katika mandhari hayo akisikia neno mwamba, ni jabali analoliona. Lakini mwamba wa methali ni binadamu. Kitenzi chake ni wamba, yaani kutandaza ngozi juu ya mdomo wa ngoma na kuivuta hadi ikaze, na ndicho hicho hicho kitumikacho kwa kitanda cha kamba. Ukikitia kiambishi cha mtu unapata mwamba, kama vile piga huzaa mpiga na la huzaa mla. Majina ya mtindo huu yanayobakia na irabu a mwishoni hayapendi kusimama peke yake. Huegemea nomino iyafuatayo. Ndiyo maana tunasema mpiga ngoma, mla watu na mfa maji, na ndiyo maana katika methali yetu neno ngoma halitenganiki na neno mwamba. Ngozi iliyokwisha kukazwa huitwa kiwambo, na mwalimu wa biolojia ataje kiwambo cha sikio asitaje, ukoo ni ule ule.

Wanafunzi hawa si wazembe. Methali hiyo wamekutana nayo tangu shule ya msingi na huenda wameipatia alama mara nyingi. Wasichowahi kupata ni nafasi ya kuishika ngozi na kuivuta. Aliyevuta ngozi haulizi tena kwa nini mwambaji aliyesimama upande mmoja akiwa peke yake huishia na kiwambo kilichopinda. Ameona kwa macho yake kwamba mvutano ulikwenda kwake. Sisi walimu wa Kiswahili tumeridhika kuyafundisha maneno ya kazi mbali na kazi yenyewe, kisha tunalalamika kwamba vijana hawana msamiati. Msamiati wautoe wapi?

Basi tulianza kufungua. Skrubu na vishikizo vya kila ngoma vikatiwa katika mkebe wake wa Kimbo na mkebe ukaandikwa nambari, maana ngoma tano zilizofunguliwa kwa pamoja bila utaratibu hazirudi kuwa ngoma. Plastiki tuliilegeza kwa pasi ya moto wa kadiri, kitambaa kikiwa katikati, huku kijana mmoja akiivuta taratibu na mwingine akipitisha kisu butu chini yake. Hapa nitoe tahadhari. Kuanzia miaka ya 1920 viwanda vya Marekani vilivika ngoma kwa seluloidi iliyoigiza lulu, na seluloidi hushika moto upesi mno. Ngoma kuukuu usiyoijua asili yake usiisogeze karibu na jiko wala mshumaa. Fanya kazi nje, polepole, kwa subira. Wapenzi wa muziki wa zamani wanaikumbuka seti ya Ludwig aliyoinunua Ringo Starr wa The Beatles mwaka 1963, iliyovikwa plastiki nyeusi yenye mawimbi kama ganda la chaza. Vazi lilipata sifa duniani kote. Mbao zilizokuwa chini yake sijasikia zikisifiwa.

Chini ya vazi letu jekundu tulikuta plaiwudi nzuri, kavu, isiyo na ufa. Maji yaliharibu gundi tu. Kumbe wazazi walikuwa karibu kutozwa fedha kwa sababu ya gundi!

Kisha tukapiga msasa. Neno hili nalo wanafunzi walilijua kwa insha: mwalimu huwaambia wakaipige msasa insha yao kabla ya kuikabidhi. Hawakujua kwamba msasa ni mti, wenye majani makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na kwamba mafundi walisugulia mbao kwa majani hayo kabla karatasi ya dukani kurithi jina. Tulianza na msasa mkali, tukamalizia na laini, kila mara tukifuata uzi wa mbao. Baada ya saa nzima ya vumbi, kijana mmoja alisema sasa anaelewa kwa nini insha yake hurudishwa mara tatu.

Plastiki mpya ya ngoma hatukuwa nayo, wala hatukuitafuta. Mama mmoja jirani yangu alitupa doti ya leso ambayo haikuwa imevaliwa. Leso moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa takriban 110. Tukarudi kwenye hisabati. Kipenyo cha ngoma ndogo ni inchi 12, hivyo mzingo wake ni takriban sentimita 96. Ya pili ina inchi 13, nayo inadai takriban 104. Ile ya sakafuni, ya inchi 16, inadai takriban 128. Nilikuwa nimekwisha kushika mkasi nikate kipande cha sentimita 104 kamili, pale binti mmoja aliponiuliza kwa adabu, "Na mahali pa kupandana, Mwalimu?" Alikuwa na haki. Bila sentimita mbili na nusu za kupandana, ncha mbili za kitambaa zingekutana kichwa kwa kichwa na kufunguka siku ya kwanza ya jua.

Leso ya kwanza ikazitosha ngoma hizo tatu. Taabu ilikuwa ile kubwa. Kipenyo chake ni inchi 22, mzingo takriban sentimita 175, na leso haifiki huko. Ilitubidi tuunge kipande cha takriban sentimita 31 kutoka katika leso ya pili, tukiiweka mishono chini, katikati ya miguu yake, ambapo hadhira haitazami. Wanafunzi walikataa katakata kulikata jina la leso. Likabaki juu, mbele, herufi zake zikizunguka ngoma: Haraka haraka haina baraka.

Ni wakati gundi inakauka ndipo yalipozuka mabishano niliyoyafurahia kuliko yote. Kazi hii tuiiteje? Mmoja alisema tunawamba ngoma upya. Akapingwa mara moja na yule yule aliyedai asubuhi kwamba mwamba ni jiwe: kuwamba ni kwa ngozi ya mdomoni, nasi tulikuwa tunashughulikia ubavu. Mwingine akapendekeza kufunika, lakini kinachofunikwa ni sufuria. Hatimaye kijana mmoja, akikwama, alisema kwa Kijaluo "rwako", kisha akajiziba mdomo na kuomba radhi. Mimi nikamwambia hana la kuombea radhi. Rwako ni kuvaa nguo. Wote wakageuka kwa pamoja: kuvika! Tunaivika ngoma. Neno lilikuwepo katika Kiswahili tangu jadi, na lugha ya mama ndiyo iliyowaonyesha mlango wake.

Kuhusu kule kujiziba mdomo nina neno moja. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuikomboa akili na ukoloni, alieleza jinsi mtoto wa shule alivyoadhibiwa na kufedheheshwa kwa kutamka lugha ya kwao. Wako walimu ambao hadi leo huona Kijaluo, Kiluhya au Kikisii darasani kuwa uchafu wa kufagiliwa kabla Kiswahili kuingia. Nimefundisha isimu kwa miaka kadhaa na sijaona lugha iliyotajirika kwa kufukuza jirani zake.

Msamiati mwingine ulikuja wenyewe. Mwili wa ngoma, ule ulio wazi ndani, tuliuita mzinga, nao wakatambua wenyewe jinsi mzinga na mzingo yanavyokaribiana. Ngoma kubwa tukaipa jina la vumi, na zile ndogo mbili chapuo, majina ya ngoma za zamani za pwani. Dramu hatukulipiga marufuku. Wengine waliendelea nalo, ingawa hapa Kisumu ukisema dramu fundi wa jua kali anaweza kukuletea pipa la mafuta.

Wapo watakaoniuliza kwa nini mzee mzima anajishughulisha na ngoma za kizungu ilhali Nyanza ina zake. Swali ni la haki. Wapigaji wa ohangla walikuwa na seti zao za ngoma kabla vijana hawa hawajazaliwa: ngoma ndefu kadhaa zilizopangwa kwa sauti mbalimbali na kuwambwa ngozi ya kenge. Kwa hiyo wazo la mtu mmoja kuzitawala ngoma nyingi kwa wakati mmoja halikuja huku kwa meli. Lakini uwindaji umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1977, na biashara ya kimataifa ya kenge inadhibitiwa kwa mkataba, kwa hiyo siwezi kuwatuma wanafunzi kando ya ziwa kumtafuta kenge, hata kama katika msafara wa mamba naye yumo. Ninachotaka kutoka kwa ohangla ni ule ujuzi: kwamba mpigaji aliijua ngoma yake ndani na nje, na ikipasuka aliitengeneza mwenyewe.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 unatuahidi mwanafunzi atendaye. Ahadi hiyo naipenda. Nina shaka tu kuhusu mahali ambapo Kiswahili kimewekwa ndani yake. Tukiwaachia walimu wa sanaa kazi ya mikono, nao wakaieleza yote kwa Kiingereza, tutapata fundi hodari asiye na neno la Kiswahili kwa chombo alichokishika, na mtahiniwa hodari wa Kiswahili asiyejua bisibisi inageuzwa upande upi. Mwalimu wa Kiswahili asiogope kuingia karakana. Si lazima aijue kazi. Akae tu, asikilize vijana wakikosa neno, kisha awasaidie kulitafuta.

Nikiri na kosa langu. Katika ngoma ya inchi 13 nilipitisha kitambaa hadi ukingoni kabisa na kukikunja ndani, nikidhani ninapamba. Ukingo huo ndipo ngozi inapokaa, nao unataka mbao tupu, laini, iliyo sawa pande zote. Tulipoikaza na kuipiga ikatoa sauti ya nyuki aliyenaswa chupani. Mimi ndimi niliyeharakisha, na jina la leso lilikuwa mbele ya macho yangu. Tulifungua tena, tukakata kitambaa sentimita moja na nusu chini ya ukingo, tukapiga msasa, tukaipaka vanishi upya. Kwa jumla kila ngoma ilipata mikono minne ya vanishi, kila mkono ukisubiri uliotangulia ukauke. Matundu ya skrubu tuliyatoboa kwa msumari kutokea ndani, bila kulisahau lile tundu dogo la kupumulia hewa.

Jumamosi ya tatu mkokoteni ulirudi shuleni. Gharama ilikuwa gundi ya mbao, karatasi za msasa na mkebe wa vanishi, na hakuna mzazi aliyetozwa. Mwalimu wa Kiswahili alizitazama ngoma kwa muda mrefu, akalisoma jina la leso kwa sauti, kisha nikampa karatasi ambayo wanafunzi waliandika maneno yao yote: wamba, kiwambo, vika, mzinga, mzingo, msasa, vumi, chapuo. Aliipokea kwa mikono miwili. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuweza kumlaumu kwalo, maana nami niliwahi kuwa mwalimu wa shule na najua linatoka wapi.

"Daktari, haya yatatoka katika mtihani?"

Nilimwambia kwamba moja limekuwa likitoka kila mara. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, na nyuma yetu binti yule wa sentimita mbili na nusu akaipiga vumi kwa mguu kwa mara ya kwanza.