Flashi Moja Haitoshi: Parokia Zidai na Faili la Mradi



Katika kigango kimoja cha upande wa Kibondo, kwaya ilitaka kurekebishiwa jambo dogo. Video ya jubilei yao ilikuwa imekamilika na kulipiwa, ila jina la katekista mzee, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki, liliandikwa vibaya chini ya picha yake. Herufi mbili tu. Tuliongozana nao hadi kwa fundi aliyeitengeneza. Akawasha kompyuta, akafungua kazi ile, na kioo kikawa chekundu: programu ilikuwa inatafuta picha na haizioni. Kadi za kamera zilikuwa zimeshafutwa ili zirekodi harusi ya Jumamosi iliyofuata.

Jina halikurekebishwa. Tena hasara haikuwa ya jina peke yake. Mzee yule alikuwa amezungumza kwa Kiha karibu dakika 40, akieleza jinsi waamini walivyofyatua matofali ya kanisa lao la kwanza. Kwenye video zimebaki dakika mbili.

Hatumlaumu fundi yule. Aliagizwa video, akaleta video. Kosa ni letu sisi tunaoagiza, mafrateri tukiwemo, kwa sababu hatujui tuagize nini.

Faili la mradi, ambalo mafundi wengi huliita projekti, si video. Kwa kawaida ndani yake hamna picha wala sauti zilizorekodiwa. Mna maelekezo tu: chukua klipu hii kuanzia sekunde ya 12 hadi ya 20, weka wimbo huu chini yake, andika jina hili hapa. Ni kama mpishi aliyeandika unga uko ghala gani na utiwe kiasi gani. Unga ukishauzwa, karatasi yake haishibishi mtu. Nayo video tunayokabidhiwa kwenye flashi ni chakula kilichokwisha kupikwa. Chumvi ikizidi, huwezi kuitoa.

Ndiyo maana faili hilo huwa jepesi, mara nyingi megabaiti chache tu, wakati klipu zenyewe ni nzito. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 22 kwa saa. Misa ya upadrisho ya saa tatu, kwa kamera mbili, inakaribia gigabaiti 135. Fundi mwenye kadi chache na harusi kila wiki atafuta, na sisi hatukumpa sababu ya kutofuta.

Yako mambo mengine ya kujua. Faili la mradi hukumbuka njia ya folda ambamo klipu zimewekwa. Ukihamisha folda au kubadili jina lake, programu inapotea njia. Hilo lina dawa: unaionyesha klipu zilipohamia, na kazi inarudi. Klipu zilizofutwa hazina dawa. Pia faili la Premiere Pro lililotengenezwa katika toleo jipya halifunguki katika toleo la zamani, basi ni vema kuandika pembeni lilitengenezwa kwa toleo gani. Na kwa vijana wetu wanaotumia CapCut kwenye simu: rasimu zenu zinakaa ndani ya simu hiyo. Mkiiondoa programu, zinaondoka nayo.

Tunapendekeza basi kila parokia ya Kibondo na Kasulu, kabla kamera haijawashwa, iandikiane na fundi mambo manne. Kwanza, parokia inunue diski ya nje, isimtwishe fundi gharama hiyo. Diski ya terabaiti moja inabeba Misa kama saba za ukubwa tuliotaja. Pili, fundi akabidhi folda moja yenye video iliyokamilika, faili la mradi, klipu zote, nyimbo na aina za herufi alizotumia. Kazi hiyo si ngumu, kwani Premiere Pro, DaVinci Resolve na Kdenlive zote zina amri ya kukusanya vitu vya mradi mahali pamoja. Tatu, folda hiyo ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Nne, zitengenezwe nakala mbili. Ya Kibondo moja ikalale Kasulu, na ya Kasulu moja ikalale Kibondo, ili radi, moto au mwizi asichukue zote kwa siku moja.

Fundi mmoja alituuliza: mkichukua mradi wangu mkampa mwingine, mimi nitakula nini? Ni swali la haki. Ujuzi wake umo katika ile kazi, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Kwa hiyo bei ya kukabidhi mradi ipangwe wazi na ilipwe, na waandikiane kwamba parokia haitautumia kutengeneza video ya biashara. Wapo pia wanaohofia klipu zenyewe, maana kamera humwona mfiwa akigaagaa na mtoto akilia. Hofu hiyo ni ya kweli. Diski ikae kwa paroko, chini ya ufunguo, na isizungushwe kwenye makundi ya WhatsApp.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya studio, si ya Kanisa. Tunamkumbusha kwamba Kanoni ya 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaitaka kila parokia iwe na hifadhi ya vitabu vyake na nyaraka nyingine zinazofaa kutunzwa. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliagiza kila misioni iandike shajara. Wanawe walifika Ujiji mwaka 1879, wakaandika kwa wino, penye joto na homa, na maandishi ya misioni zao yanasomeka hadi leo. Sisi tuna kamera nzuri kuliko kalamu zao, na tunashindwa kufungua kazi ya mwaka jana.

Baada ya watu kula mikate na kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee chochote, na vikajaza vikapu kumi na viwili. Klipu ambazo hazikuingia kwenye video ni vipande vya namna hiyo. Humo mna sauti za wazee na nyimbo zilizokatwa kwa sababu muda ulikwisha.

Klipu za katekista yule hazitarudi. Lakini makatekista wazee bado wapo Buha, na msimu wa upadrisho na jubilei utakuja tena. Frateri anayekwenda likizo aanze na parokia yake mwenyewe: amwulize paroko picha za sherehe ya mwisho ziko wapi, kisha amtafute fundi kabla kadi hazijafutwa.